Gari limetoka bandarini, sasa nani alilete nyumbani?

Shikamoo mshauri,

Baada ya kudunduliza kwa miaka mingi, hatimaye nimeagiza gari kutoka Japani. Ni gari dogo la familia, injini ya cc 1500, gia ni za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), limetengenezwa 2012. Karatasi ya mnada inaonyesha daraja la 4 na kilomita 68,000. Wiki hii wakala amenipigia simu: ushuru umelipwa, gari limetoka bandarini, liko kwenye yadi linamsubiri mwenyewe. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, lakini furaha ile haikudumu.

Kutoka bandarini hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Leseni ninayo muda mrefu na gari la ofisi naliendesha kila siku, ila ni mjini tu. Barabara kuu nimezipita nikiwa abiria.

Mdogo wangu wa kiume amejitolea kwenda kulichukua. Mpango wake ni apande basi asubuhi, afike jioni kesho yake, achukue ufunguo na kugeuza saa hiyohiyo, akanyage mafuta usiku kucha. Anasema usiku barabara haina watu na injini haipati joto. Mjomba anamuunga mkono. Yeye anasema gari lililokaa melini lazima likimbizwe safari ndefu ili injini ifunguke.

Mume wangu hataki hata kusikia habari za kuliendesha. Anataka lipakiwe kwenye lori la kubeba magari. Nimeulizia nauli, na ni nyingi kwa mtu aliyemaliza akiba yake kwenye ushuru.

Mimi mwenyewe, mshauri, natamani kuliendesha. Ni jasho langu. Nikilisema hilo mume wangu ananyamaza, na mdogo wangu ananiambia, "Dada, ile siyo barabara ya kujifunzia." Pengine ana haki. Lakini nikifikiria kulipokea gari langu mlangoni kama mgeni, moyo unakataa.

Naomba unisaidie. Je, mtu anaweza kuanza safari ndefu kiasi hicho na gari asilolijua? Likaguliwe nini kwanza? Na nimwambieje mdogo wangu bila kumvunja moyo? Amenisaidia mambo mengi na sitaki gari litugombanishe. Mama naye ameshaanza kualika watu waje kulipokea.

Ni mimi, Mwenye Gari

---

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kununua gari kwa akiba yako mwenyewe si jambo dogo, na sioni kwa nini uombe radhi kwa kutaka kukaa kwenye usukani wake.

Nakujibu moja kwa moja: liendeshe wewe, mchana, kwa siku mbili, na baada ya fundi kulishika. Mdogo wako awe pembeni yako. Lori la mume wako liwe mpango wa pili, nalo ni mpango halali kabisa. Nitakueleza ni wakati gani uukimbilie.

Sababu yangu ni hii. Gari hilo ni jipya kwenu tu. Limeshatembea zaidi ya miaka kumi mikononi mwa watu msiowajua, kisha likakaa yadi, likakaa melini, likakaa yadi tena. Hakuna mtu katika familia yenu aliyewahi kusikia injini yake ikiwaka asubuhi ikiwa baridi, wala anayejua breki zake zinashika wapi. Kilomita zake za kwanza mikononi mwenu ni za kulipima, na kipimo hakifanywi usiku, porini, kwa haraka, na mtu aliyechoka. Hapo ndipo mpango wa mdogo wako unapovunjika, hata kama ni dereva hodari. Hebu hesabu naye: alale kwenye kiti cha basi usiku mzima, ashuke, ahangaike na karatasi za wakala, halafu aanze safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kiza kikiingia. Kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri mwili wa binadamu unadai usingizi hata kwa aliyepumzika vizuri. Kwa aliyetoka kwenye basi, usingizi hauombi ruhusa.

Mjomba mwambie kwa heshima kwamba injini hiyo ilishafunguka zamani. Kinachohitaji kuzoeshwa ni breki na matairi, kama mtaweka mapya, na hivyo vinazoeshwa kwa upole: kilomita mia mbili au tatu za mwanzo bila kufunga breki za ghafla. Kukimbiza gari lililolala miezi ndiyo njia rahisi ya kupasua mpira uliokauka au mkanda uliochoka.

Karatasi yako ya mnada itoe uisome vizuri. Ule mchoro wa gari uliojaa herufi una maana: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Hayo ni ya bodi na hayazuii safari. Herufi za kukutia wasiwasi ni S na C, maana zinasema kutu na kuliwa na kutu, hasa zikiwa zimetajwa kwa upande wa chini. Magari yaliyoishi kaskazini ya Japani, kule Hokkaido na mikoa ya theluji, yanatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula mabomba ya breki na mikono ya magurudumu kabla haijaonekana juu. Ukiona miaka imeandikwa H au R usishangae, ni miaka ya zama za Kijapani, Heisei na Reiwa: H24 ni 2012, R1 ni 2019. Itakusaidia pia ukifungua boneti, kwani mara nyingi Wajapani hubandika kikaratasi chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Kilomita za kwenye kikaratasi zikizidi zile za kwenye dashibodi, umepata swali zito la kumuuliza aliyekuuzia.

Hilo daraja la 4 linasifu hali ya gari siku ya mnada. Halisemi betri itawasha gari kesho, wala matairi yana umri gani.

Kwa hiyo siku unayofika, gari lisitoke nje ya mji ule. Linganisha kwanza namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na iliyo kwenye makaratasi, tarakimu kwa tarakimu. Ikipishana hata moja, usiondoke. Ni afadhali kumsumbua wakala yuko mbele yako kuliko kuelezea barabarani. Bima iwe imeanza kufanya kazi, na uulize kama inamgusa dereva mwingine zaidi yako. Namba za usajili ziwe zimefungwa kama sheria inavyotaka. Piga gari picha pande zote, pamoja na dashibodi ikionyesha kilomita.

Kisha lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe, siyo yule anayezungukazunguka pale yadi. Oili na filta vibadilishwe bila mjadala, hata kama oili inaonekana safi, kwa sababu hujui imekaa humo tangu lini. Mafuta ya breki yabadilishwe pia. Yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa, na breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu unyevu huo unageuka mvuke, pedali inazama. Diski zitakuwa na kutu ya hewa ya bahari. Ile ya juujuu inafutika ukifunga breki mara chache, lakini fundi afungue magurudumu aone kama pistoni zinarudi na handbreki haijaganda. Mikanda na mipira ya maji aibonyeze kwa kidole: ikiwa na nyufa au imekuwa migumu, ibadilishwe hapohapo. Betri ipimwe kwa mashine, na ukiambiwa "itafika tu", nunua nyingine.

Kuhusu CVT uwe mkali. Inatumia mafuta yake maalumu, na mtu akikuongezea mafuta ya gia ya otomatiki ya kawaida "kwa sababu yote ni mekundu" anaweza kuua giaboksi nzima. Kama fundi hana aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, asiguse.

Sasa matairi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakodanganyika zaidi. Gari la mnada laweza kufika na matairi yenye meno marefu yanayong'aa, mwenye gari akaridhika. Chuchumaa kando ya kila tairi, tafuta tarakimu nne zilizo peke yake ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Huenda zikawa zimeandikwa upande wa ndani tu, basi fundi akiinua gari aingie na tochi. Tairi lililopita miaka kumi liondoke hata kama linaonekana jipya. Raba inazeeka kwa ndani, na joto la mwendo wa saa nyingi ndilo linaloichana. Pitisha kidole kwenye shingo ya tairi ukiibonyeza. Ukiona vijistari vidogo kama vya udongo uliokauka, usibishane nalo. Halafu tafuta neno STUDLESS ubavuni. Hilo ni tairi la theluji. Raba yake ni laini, imetengenezwa kwa barafu, na kwenye lami ya moto inalika upesi na inalegea kwenye kona. Baadhi ya magari ya Japani huuzwa yakiwa nayo.

Upepo jaza gari likiwa limepoa, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kitakuwa kwa kPa: 230 ni kama 33 za psi. Usikubali mtu akujazie kwa kukadiria na kukwambia safari ndefu inataka upepo mwingi.

Fungua na buti, unyanyue zulia. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hayana tairi la spea. Utakuta chupa ya gundi na kipampu kidogo cha umeme. Gundi ile ina tarehe ya mwisho, na hata ikiwa nzima haizibi tairi lililochanika ubavu. Tafuta spea inayolingana, jeki, na spana inayoingia kwenye nati zako. Ijaribu pale pale, legeza nati moja na uikaze tena. Kama kuna nati yenye umbo la ajabu, ile ni ya kufuli na ina kichwa chake maalumu. Kama hakipo, fundi aing'oe kabla hamjaondoka.

Akimaliza, zungukeni nalo mjini, panda mlima kama upo, kisha rudi kwake. Aangalie chini kama kuna kinachovuja, akaze nati za magurudumu upya, apime oili na maji. Wengi wanaliruka hili la kurudi, nami ningekuomba usiliruke kwa chochote. Kitu kilichofunguliwa leo na kukazwa vibaya hujionyesha kilomita za mwanzo, na ni bora kijionyeshe fundi akiwa karibu.

Fundi akikwambia giaboksi inagonga, au mabomba ya breki yameliwa na kutu, au injini inapata moto kwa sababu haijulikani, hapo mume wako ameshinda na lori liitwe. Vivyo hivyo kama huwezi kupata siku mbili kazini. Usione aibu na usione umeshindwa. Uliza tu mzigo una bima, na piga picha kabla halijapakiwa.

Likipita kwa fundi, ondokeni asubuhi kukiwa kumepambazuka, tangi likiwa limejaa. Magari hupakiwa melini na mafuta kidogo sana, kwa hiyo kituo cha mafuta ni cha kwanza kabla ya safari yoyote. Lengeni kusimama kabla ya saa kumi jioni, mahali penye maegesho ya kulala. Pumzikeni kila baada ya saa mbili, na kila mkipumzika sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: ikiwa moja ina joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Chungulia na chini ya injini.

Kwenye dashibodi kuna jambo moja la kujua. Magari madogo mengi ya Japani hayana mshale wa joto. Yana kitaa cha bluu kinachowaka injini ikiwa baridi na kuzimika baada ya dakika chache. Kile kile, au jirani yake, kikiwaka chekundu, simama mahali salama, zima, subiri. Kifuniko cha radieta kisiguswe mpaka kimepoa kabisa, hata akija msamaria mwenye kitambaa mkononi.

Kuovateki ndiko kutakupima zaidi, hasa ukitoka kwenye gari la ofisi. CVT ya injini ndogo ukiikanyaga, injini inanguruma kwanza ndipo gari linavuta. Ukiwa na watu na mizigo, kuchelewa huko ni kurefu. Kwa hiyo usilipite lori mpaka uone barabara tupu mara mbili ya unayodhani inatosha, na ukisita, usiende. Kwenye mteremko mrefu sogeza mkono wa gia kwenye S, B au L, chochote ulicho nacho, injini ibebe kazi na breki zipumzike. Spidomita itakuonyesha 180. Mwendo wa 80 unakutosha. Barabara nyingi za kasi za Japani zenyewe zina ukomo wa 100, na huenda gari lako halijazidi hapo mara nyingi. Redio nayo huenda isishike stesheni nyingi, maana redio za Japani zinaanzia 76 na za zamani zinaishia 90. Mimi naona ni heri. Siku hizo mbili unataka kusikia mlio wa gari: uvumi wa bearingi, mgongano wa bushi kwenye matuta, mluzi wa mkanda. Ukisikia kitu kipya, mweleze mdogo wako asikilize naye.

Hoja yake ya kwamba hujazoea barabara kuu ina ukweli, na dawa yake ni mazoezi. Kabla ya safari tafuta Jumamosi na Jumapili, azima gari, toka nje ya mji na mtu mzoefu akiwa pembeni. Zoea kupishana na mabasi, kuachia nafasi mbele, kuingia barabarani kutoka pembezoni. Kama baada ya hapo bado mikono inakutetemeka, lipa dereva mzoefu aendeshe sehemu ngumu, milimani na karibu na miji mikubwa, nawe ushike kwenye nyoofu. Gari litabaki lako.

Na mdogo wako. Usimjibu mbele ya mjomba, wala kwenye kikao cha ukoo. Mpigie simu muwe wawili. Mwambie hivi: "Mdogo wangu, nakuhitaji kwenye safari hii kuliko mtu yeyote. Twende wote. Nitaanza mimi, nikichoka unanipokea, lakini usiku hatutembei." Mpe kazi yenye uzito: ndiye asimame na fundi, ndiye akague matairi, ndiye ashike ramani na kukuchungia umbali unapotaka kulipita lori. Mtu aliyejitolea hukasirika anaposukumwa pembeni. Akipewa nafasi ya kweli mara nyingi hutulia. Akisisitiza kwamba lazima aende peke yake na lazima iwe usiku, hapo utakuwa umejua kwamba hamu yake ni ya kuendesha, na ufunguo usimpe. Mwambie kwa sauti ya upole na ubaki hapohapo. Wewe ni dada yake, atarudi kuongea.

Mume wako naye ukimya wake nausoma kama hofu. Mwonyeshe mpango ulioandikwa: fundi, siku mbili, mtalala wapi, nani yuko na nani. Mwahidi kwamba fundi akisema hapana, lori litaitwa bila ubishi.

Limebaki la mama na wageni wake. Mwombe asimwambie mtu siku wala saa ya kufika. Ukishaahidi watu kwamba utaingia saa kumi na mbili, saa kumi na moja utakuwa bado kilomita mia mbili nyuma, na mguu utaanza kukanyaga wenyewe. Awaalike kwa Jumapili inayofuata, gari likiwa limeshalala nyumbani siku kadhaa. Njiani anayejua mlipo awe mume wako peke yake: kila mkisimama mtumie ujumbe, jina la mahali tu. Jua likizama mkiwa bado mbali, laleni hapo mlipo, na mpigie yeye kabla hajakupigia.